Daftari ya Kila Siku Kwenye Intaneti: Programu Hupita, Maandishi Yabaki



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo, wengi wananijia na ulizo moja: «Kapita, hii blogu ni kitu gani? Ni kama Facebook? Na hizi programu mpya zinazotoka kila siku, tuchukue gani, tuache gani?» Wengine wanaandika mambo yao ya kila siku katika telefone tayari, wengine wangependa kuanza lakini wanaogopa. Kamati ya gazeti letu imeniomba nifasirie jambo hili kwa urefu kidogo. Nakubali, kwa sharti moja: hakuna mtu atakayekuja kwa Bwana Prefe kusema kwamba kapita aliruhusu telefone kalasini. Sheria ni ile ile. Mambo ninayoandika hapa ni ya nyumbani na ya siku za mapumziko.

Neno langu ni moja, nalitaja tangu mwanzo kusudi anayechoka katikati ya njia asikose kitu. Programu ni nyumba ya kupanga, lakini maandishi ni vyombo vyako. Siku mwenye nyumba anasema «toka», lazima uweze kubeba vyombo vyako na kuhama. Tena, mbele ya kufungua dirisha, ujue nani anapita barabarani.

1. BLOGU NI KITU GANI?

Blogu ni daftari yenye tarehe, inayowekwa kwenye intaneti. Unaandika leo, unaandika kesho, na andiko jipya linakaa juu ya lile la zamani. Jina lenyewe limetoka kwa Waamerika. Mwaka 1997 mtu mmoja anayeitwa Jorn Barger aliita ukurasa wake «weblog», maana yake kitabu cha safari za intaneti, kama kile ambacho nahodha wa mashua anaandikamo habari za kila siku. Mwaka 1999 watu wakalifupisha. Sisi tunasema blogu.

Inatendaje kazi? Unapobonyeza «tuma», telefone yako inapeleka maneno kwenye kompyuta kubwa inayowaka usiku na mchana, mara nyingi katika inchi ya mbali. Kompyuta ile inaweka tarehe, inatunza maneno, na inayapa anwani. Anayejua anwani anaweza kusoma, akiwa Goma ao Canada. Hapo ndipo blogu inapoachana na WhatsApp na Facebook. Kule maandishi yanapita kama maji ya mvua katika mtaro. Jaribu kutafuta neno uliloandika miaka mitatu iliyopita, utaona taabu. Kwenye blogu kila andiko lina fasi yake, na unaweza kulirudilia nyuma ya miaka 10, kama nyumba ingali imesimama.

Programu mbili zinazojulikana sana ni Blogger, iliyotoka mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, na WordPress, iliyoanzishwa mwaka 2003 na watu wawili, Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Zote mbili zina mlango wa bure. WordPress ina jambo moja zaidi: programu yenyewe ni ya wote, na mtu mwenye uwezo anaweza kuichukua na kuiweka kwenye kompyuta anayoilipia mwenyewe, na jina lake mwenyewe. Ila jina lile linalipwa kila mwaka. Usipolipa, mwingine anaweza kulichukua.

Kuna pia aina ya tatu, ambayo wengi wanaisahau: daftari iliyofungwa. Inakaa katika telefone, ina neno la siri, na kopi yake inatunzwa kwenye intaneti bila mtu mwingine kuisoma. Kuandika kwenye intaneti si lazima kuandika mbele ya watu wote. Kwa wengi wetu, aina hii ya tatu ndiyo tunayoihitaji.

2. KWA NINI JAMBO HILI LITUHUSU SISI WA GOMA?

Wazee wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa mji huu tunaijua maana yake vizuri. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ilitoka tena, na tarehe 27 watu wa mitaa 10 wakaambiwa watoke mjini. Wengine walikwenda Sake, wengine Gisenyi, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu. Vita viliingia mjini tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2012, vikaingia tena mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025. Kila mara watu walibeba watoto, godoro na sufuria. Nani alibeba kaye?

Waulizeni wazazi wenu picha za ndoa yao ziko wapi, ao diplome, ao barua za babu. Katika nyumba nyingi jibu ni moja: zilibaki. Na kitu kilichobaki mara nyingi hakikuonekana tena. Tukizeeka tutawaambia watoto wetu «wakati ule mambo yalikuwa hivi», na mtoto atauliza: ilikuwa siku gani? Unga ulikuwa bei gani? Mlilala wapi? Tutajibu kwa kubahatisha. Kichwa cha mtu kinasahau haraka kuliko tunavyofikiri, hasa siku za hofu.

Basi kuwa na maandishi yako fasi mbili ao tatu, na mojawapo nje ya nyumba ambayo moto unaweza kuifikia, si mchezo wa watoto wa matajiri. Ni akili ya mtu anayekaa chini ya volkano.

3. DAFTARI YA NYANGWE

Mtu asifikiri kwamba mambo haya yameanza na kompyuta. Daftari mojawapo inayojulikana iliandikwa hapa hapa Kongo, huko Nyangwe, katika Maniema, kando ya Lualaba. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa amekwama pale. Karatasi zilikuwa zimemwishia, na wino pia. Alichukua gazeti la zamani la London na kuandika juu ya maneno yaliyopigwa chapa, akitumia wino aliotengeneza kwa matunda ya mti wa pale. Tarehe 15 mwezi wa saba aliona kwa macho yake wafanyabiashara wa watumwa wakipiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, kwa risasi na kwa maji. Akayaandika.

Wino ule ulififia. Kwa miaka zaidi ya 100 kurasa zile zilikuwa kama hazisomeki. Ndipo wataalamu wakazipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na kompyuta ikatenganisha maneno ya Livingstone na maneno ya gazeti. Mwaka 2011 wakayatoa kwenye intaneti, kila mtu ayasome.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza: hakungojea kifaa kizuri. Gazeti kuukuu na wino wa matunda vilitosha, kwa sababu alikuwa na kitu cha kusema na aliweka tarehe. La pili ni kubwa zaidi. Livingstone alikuwa na tabia ya kunakili daftari yake ya njiani katika kitabu safi, na nyuma ya kifo chake mwaka 1873 rafiki yake Horace Waller alikitengeneza kitabu kile na kukichapisha mwaka 1874. Wataalamu walipolinganisha, waliona kwamba maneno ya kwanza na maneno yaliyochapishwa hayafanani kila mahali. Maneno mengine yalikuwa yamepunguzwa ukali, mengine yameachwa.

Maana yake, tangu zamani kuna daftari mbili: ile unayoiandikia nafsi yako, na ile unayowaonyesha watu. Zote mbili ni halali. Hatari ni kuzichanganya bila kujua.

4. WALINZI WA VIRUNGA

Mfano wa pili uko karibu zaidi, kwenye barabara ya Rutshuru. Tangu mwaka 2007 walinzi wa Parki ya Virunga walianza kuandika blogu zao katika kurasa za WildlifeDirect, shirika lililoanzishwa na Richard Leakey wa Kenya. Waliandika maneno mafupi: leo tumepita fasi hii, tumekuta mitego, tumekuta tanuru za makala, mtoto wa gorila amezaliwa. Watu wa mbali ambao hawakujua hata Rumangabo iko wapi wakaanza kusoma kila asubuhi, na wengine wakatuma pesa za kuwasaidia walinzi.

Kisha ikaja tarehe 22 mwezi wa saba 2007. Gorila wa jamaa ya Rugendo waliuawa kwa risasi, pamoja na dume kubwa Senkwekwe. Habari na picha zikazunguka dunia yote. Waandishi wa habari waliofuata jambo lile walionyesha njia iliyoelekea kwenye biashara ya makala, ile makala tunayopikia sombe yetu kila siku. Mwezi wa kumi 2008 wapiganaji wakashika makao makuu ya Rumangabo, na walinzi zaidi ya 50 wakakimbia kwa miguu kupitia msitu. Mwaka ule ule wakapata ruhusa ya kurudi kazini, wakahesabu gorila waliozoea watu: walikuwa 72 mwaka 2007, sasa walikuwa 81. Kwa kazi kama ile, daftari yenye tarehe ni chombo cha lazima. Asiyeandika leo hawezi kulinganisha kesho.

Lakini msisahau upande wa pili. Parki hii iliundwa mwaka 1925, na walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini. Wale waliotaja makala na silaha kwa majina walijua wanachokigusa, tena nyuma yao kulikuwa shirika, wakubwa na wanasheria. Mwanafunzi wa miaka 16 aliye peke yake na telefone hana ukuta ule. Kwa hiyo ujasiri wao ni wa kuheshimu, lakini si kila jambo lao ni la kuiga.

5. WENZETU JIRANI

Hapa nitapita haraka. Tanzania, Ndesanjo Macha alianza mwaka 2004 blogu ya Kiswahili aliyoiita Jikomboe, na wengi wakamfuata. Alionyesha kwamba lugha yetu inatosha, si lazima Kifaransa ao Kiingereza. Kenya, mapema mwaka 2008, wakati wa machafuko nyuma ya uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake kwamba ingefaa kuwe na ramani inayoonyesha mambo yanatokea wapi. Vijana wenye kujua kompyuta wakaitengeneza kwa siku chache, wakaiita Ushahidi. Mwisho wa mwaka ule programu hiyo ilijaribiwa pia kwa habari za upande wetu wa mashariki ya Kongo. Kwa Kifaransa, redio RFI ilifungua Mondoblog mwaka 2010, na vijana wa Kongo ni kati ya walioandika humo. Tangu 2016 kuna pia Habari RDC, blogu ya vijana wa miji mbalimbali ya inchi yetu.

Lakini si kila serikali inafurahi. Mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni zilizomlazimisha mwenye blogu kuomba leseni, na malipo ya kuanza yalipita shilingi milioni 2. Wengi walinyamaza mwaka ule kwa kukosa pesa tu.

6. NYUMBA ZINAFUNGWA

Narudi sasa kwenye nyumba ya kupanga. Kaka zetu wakubwa wanakumbuka Skyblog, nyumba ya redio Skyrock ya Ufaransa. Ilifunguliwa mwisho wa mwaka 2002, na vijana wa inchi zinazosema Kifaransa waliijaza picha, mashairi na salamu, wengi wakiandikia katika siber kwa kulipa kila nusu saa. Tarehe 21 mwezi wa nane 2023 ilifungwa. Maktaba kubwa ya taifa la Ufaransa pamoja na shirika la INA walitunza kopi ya blogu zaidi ya milioni 12 kwa ajili ya watafiti. Ni jambo jema, lakini aliyeandika akiwa Goma hawezi kuingia maktaba ile jioni moja kusoma ujana wake. Typepad ya Marekani nayo, iliyofanya kazi kwa zaidi ya miaka 20, ilifungwa tarehe 30 mwezi wa tisa 2025, na wenye kuandika humo walipewa muda wa mwezi mmoja hivi kuhamisha vyombo.

Tena nyumba inaweza kuwa imesimama, lakini barabara ya kuifikia imekatwa. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima, ikarudi karibu wiki tatu baadaye. Mtu ambaye maandishi yake yote yalikuwa upande wa pili wa waya alikaa siku zile bila daftari.

7. NAMNA YA KUJARIBU PROGRAMU MPYA

Programu mpya inatoka karibu kila wiki, na kila moja inajisifu. Sisemi msijaribu. Kujaribu ni vizuri, na mara nyingine ile mpya ni bora kweli. Lakini ijaribu kama mtu anavyojaribu mashua: kwanza karibu na pwani. Chukua siku saba. Uweke humo maandishi yasiyo na siri, kisha ujiulize maulizo haya.

Ulizo la kwanza: inafunguka bila intaneti? Zima data, andika, funga, fungua tena. Kama maneno yako hayapo, iache. Kwetu mtandao na umeme vinakuja na kwenda.

La pili: inakula mega ngapi? Mujue hesabu hii: ukurasa wa maneno 500 una uzito wa kilobaiti 3 ao 4 tu. Picha moja ya telefone inaweza kupita megabaiti 3, karibu mara 1000 ya ukurasa ule. Basi anayeandika maneno matupu anatumia karibu bure. Picha na matangazo ndiyo yanayomaliza forfe.

La tatu, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: inakurudishia maandishi yako? Tafuta kitufe cha kutoa maandishi yote kwa mara moja. Blogger inacho, WordPress inacho. Usitosheke kukiona, kibonyeze, chukua faili inayotoka, uifungue kwa programu nyingine. Kama inafunguka na maneno yanasomeka, vyombo vyako vinaweza kuhama. Kama kitufe hakipo, hiyo si nyumba, ni gereza lenye rangi nzuri.

La nne: ina mlango wa kufunga? Uone kama unaweza kuandika na kuacha bila kuonyesha, na kama kuna neno la siri. Programu nyingine zinatuma mbele ya watu mara tu unapogusa kitufe.

La tano: inakuomba nini? Daftari haihitaji kujua majina yote ya telefone yako, wala fasi unaposimama. Ikiomba, kataa. Ikikataa kufanya kazi, uitoe.

La sita: nani anailipa? Kama ni bure, kuna mtu mwingine anayelipa, kwa matangazo ao kwa habari zako. Si dhambi, lakini ujue.

La saba: ina umri gani? Programu ya miezi mitatu inaweza kufa katika mwezi wa nne. Weka humo kopi, si maandishi ya pekee.

Kwa wale wanaopenda njia rahisi kabisa, kuna kuandika katika faili ya maneno matupu, ile ambayo kila telefone na kila kompyuta inaifungua. Mwaka 2004 Mmarekani John Gruber alitoa utaratibu mdogo unaoitwa Markdown: alama # mwanzoni mwa mstari ni kichwa cha maneno, na nyota * mwanzoni mwa mstari ni jambo moja la orodha. Basi. Faili ya namna hii inahamia programu nyingi bila kuvunjika, na hata programu zote zikifa, jicho la mtu litaisoma.

Kuhusu kopi, wataalamu wana sheria ya 3, 2, 1: kopi tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Kwetu naweza kuitafsiri hivi: moja katika telefone, moja katika flashi, na moja kwenye intaneti ao kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Fanya hivyo kila mwisho wa mwezi. Flashi ni ndogo. Hata siku ya kukimbia inaingia mfukoni.

8. MBELE YA KUFUNGUA DIRISHA

Hapa ninaomba kila mtu asome polepole. Maji yakimwagika hayazoleki. Andiko likishasomwa na watu, hata ukilifuta, mtu anaweza kuwa amelipiga picha. Katika mji wetu telefone inaweza kuangukia mkono wa mtu mwingine: mwizi njiani, ndugu nyumbani, ao mtu mwenye silaha kwenye kizuizi. Na si wewe peke yako utakayeulizwa. Majina uliyoyaandika yataulizwa pia.

Kwa hiyo nashauri hivi. Usitaje jina la mtu bila ruhusa yake. Herufi moja ao jina la kubuni linatosha. Usiandike mbele ya watu mahali ulipo sasa, wala njia unayopita kila siku. Andika nyuma ya kutoka pale. Usitoe hadharani habari za wenye silaha, wa upande wowote. Ukiweka picha, ukumbuke kwamba telefone nyingi zinaficha ndani ya picha habari ya fasi na saa ilipopigwa. Zima kituo cha mahali katika kamera kwanza. Siri ya rafiki aliyekulilia, hasa dada aliyetendewa ubaya, si yako kuitoa, hata kwa kusudi la huruma. Yeye ndiye mwenye nayo.

Pia kuna sheria. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inchi yetu ina sheria ya mambo ya kompyuta na intaneti, nayo inaadhibu, pamoja na mengine, anayetumia njia hizo kwa kutisha ao kusumbua mtu. Mzaha juu ya mwalimu ao juu ya msichana wa kalasi ya chini, ukiandikwa, hauitwi tena mzaha.

Na kuna dawa ya zamani isiyolipwa: lala nalo usiku mmoja. Andika jioni, usome asubuhi. Kama asubuhi ungeweza kulisoma kwa sauti mbele ya mama yako na mbele ya yule unayemwandika, lifungulie dirisha. Kama sivyo, libaki katika daftari iliyofungwa. Halikupotea. Liko pale kwa ajili yako.

9. «SINA TELEFONE»

Najua wengine watasema: «Kapita, mi niko na ka telefone kadogo, mega nayo ni ya kuomba, nitaiweza hii?» Jibu ni ndiyo. Anza na kaye na biki. Ugumu wa kazi hii hauko katika mashini, uko katika kurudi kesho. Kila jioni andika tarehe, mahali, na sentensi tatu: jambo moja uliloliona kwa macho, bei ya kitu kimoja (bidoni ya maji, gunia la makala, kilo ya maharagwe), na ulizo moja lililokusumbua. Usipambe. «Leo mvua imenyesha tangu saa kumi, motari wamepandisha bei, sikuelewa somo la hesabu» ni andiko zuri. Nyuma ya miaka 20 bei ile ya moto itakuwa historia.

Siku utakapopata telefone nzuri, utapiga picha kurasa zako moja moja ao utazinakili, na utakuwa umetangulia wale waliojaribu programu kumi bila kuandika ukurasa mmoja. Hao nao wapo kati yetu. Wanajua rangi zote za kila programu, lakini daftari yao ni tupu.

MWISHO

Wenzangu finalisti, mtihani wa Serikali ukipita tutatawanyika. Wengine watakwenda chuo kikuu, wengine watavuka mpaka, wengine watabaki kusaidia nyumbani. Miaka hii tuliyosoma pamoja, katikati ya mambo tuliyoyaona, hakuna mtu wa mbali atakayekuja kuiandika vizuri kuliko sisi. Lakini tusipoiandika, itaandikwa na wengine, ao haitaandikwa.

Kwa wadogo wetu: wanaotaka kujaribu wakutane nami siku ya Jumamosi nyuma ya kazi za mikono, chini ya mti karibu na maktaba. Walete kaye kwanza. Telefone itafuata kwa ruhusa ya walimu. Tutafundishana kutoa maandishi yote kutoka Blogger na WordPress na kuyaweka kwenye flashi, kwa sababu jambo lile ni rahisi kulionyesha kwa mkono kuliko kulifasiria kwa maneno.

Na gazeti hili pia linatoka kwa kopi chache. Ukimaliza kulisoma, usifungie mikate. Mpe mwenzako, kisha alitunze mmoja fasi kavu.

Kapita wa wanafunzi,
kalasi ya finalisti